Oksitosini kwa mkono katika joto la Mombasa: shajara ya mradi

14 Januari 2025

Leo tumeanza. Lengo ni kuunda oksitosini kwa mkono, bila mashine, katika chumba chetu cha maabara hapa Tudor, kisha kupima namna inavyoharibika katika joto la pwani. Nitaandika kila hatua ikikamilika, gharama na makosa yakiwemo, ili mwenzetu wa Lamu, Tanga au Unguja akitaka kuifanya kazi hii asianzie tulipoanzia sisi.

Oksitosini ni peptidi ndogo, yaani mnyororo wa asidi amino, 9 tu. Ndiyo sindano anayodungwa mama akishajifungua ili mji wa uzazi ukaze na damu isimtoke kupita kiasi. Inatakiwa ikae katika friji, kati ya digrii 2 na 8. Shangazi yangu alikuwa mkunga wa zahanati ng'ambo ya Likoni, na stima ikipotea alikuwa akivizungushia vichupa vya dawa hiyo kitambaa cha maji, akavitia ndani ya mtungi wa udongo. Nilipomweleza kazi ninayoianza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hivyo mwanangu, ile niliyokuwa nikiwadunga, ilikuwa bado ni dawa?"

Sikuweza kumjibu, nami nina miaka 14 katika kazi ya peptidi. Sita kati ya hiyo niliimaliza Ujerumani, mashine ikiunganisha usiku nami nimelala, chumba kikiwa digrii 21 masika na kiangazi. Maelekezo yote niliyorudi nayo yana maneno haya: "acha katika joto la chumba." Kipimajoto cha ukutani leo saa nane mchana kinasoma 32.

Njia tutakayoifuata ni ile ya Bruce Merrifield, aliyoichapisha 1963 na kupewa Nobeli ya kemia 1984. Asidi amino ya kwanza inafungwa kwenye punje za resini, nyingine zinaongezwa moja baada ya moja, na kwa kuwa mnyororo umeshikwa na punje, kila kisichotakiwa kinaoshwa kikaenda zake. Vincent du Vigneaud aliiunda oksitosini 1953, kabla njia hiyo haijakuwepo, kila kipande kikisafishwa peke yake kabla ya kinachofuata. Huwa namkumbuka nikianza kuchoka.

Manunuzi: resini ya Rink gramu 5, asidi amino 8 za aina ya Fmoc, yaani zenye kofia ya kinga (sistini inaingia mara mbili), kiyeyushi cha DMF lita 5, piperidini ya kuvua kofia hizo, DIC na Oxyma za kuunganishia, asidi ya TFA ya kukatia mnyororo na etha. Jumla shilingi 138,600, usafiri ndani yake. Vyombo havikutugharimu sana: mabomba ya sindano ya mililita 10 yenye chujio ndani, shilingi 350 kila moja.

Nalisema mapema na lisisahaulike: tutakachokiunda ni cha kupimwa tu. Hakitaingia mwilini mwa mtu wala mnyama.

5 Februari 2025

Mzigo umefika. Ulikaa siku 11 katika ghala la wakala, chini ya mabati, kwa sababu karatasi moja ilikosa muhuri. Asidi amino ni unga mkavu, nikazikagua nikaona hazina neno. Chupa za DMF nazo zilikuwa zimefungwa vizuri, nikazipeleka stoo bila kuzifungua. Hapo nilikosea, na kosa lenyewe lilichukua mwezi kujitokeza.

Jambo dogo lililotuokoa: ukitoa chupa ya asidi amino kwenye friza usiifungue papo hapo. Hewa ya hapa ina maji mengi, na chupa baridi inatoa jasho hadi ndani. Iache nje dakika 40, iifuate hewa, ndipo ufungue. DIC vilevile. Ikikutana na maji inageuka unga mweupe usio na kazi.

19 Februari 2025

Mnyororo wa kwanza. Tunaanzia mkiani kwenda kichwani: glisini, leusini, prolini, sistini, asparagini, glutamini, isoleusini, tirosini, sistini. Kila asidi amino inakuja imevaa kofia ya Fmoc. Unaivua kwa piperidini, unaosha, unaunganisha inayofuata, unaosha tena. Ni kazi ya mkono na saa, haina siri kubwa.

Kipimo chetu ni ninhidrini. Unachukua punje chache kwa ncha ya kijiti, unadondoshea ninhidrini, unapasha moto. Punje zikiwa buluu, kofia imevuliwa na mkono wa kuungia, uitwao amini, uko wazi. Zikibaki za manjano, umeshafungwa. Tulikwama kwenye prolini. Mwanafunzi wangu aliivua kofia, akapima, akapata rangi ya hudhurungi hafifu. Akadhani kofia haikutoka, akarudia mara mbili, akamaliza mililita 30 za piperidini. Kofia ilikuwa imetoka mara ya kwanza. Amini ya prolini imejifunga kwenye pete, kwa hiyo haitoi buluu kama wenzake. Mimi nilijua hilo na sikumwambia. Sasa limeandikwa kwa kalamu nyekundu juu ya meza.

Isoleusini iligoma. Ina tawi karibu na mahali pa kuungia, haiingii upesi. Kufika saa kumi na moja jioni punje zilikuwa bado na ubuluu wa mbali. Mwanafunzi anavuka feri, na jioni foleni ya Likoni haina huruma. Tukaiacha ikitikiswa usiku kucha. Asubuhi manjano safi, tukaendelea tukiwa na furaha.

6 Machi 2025

Hii naiandika kwa urefu kwa sababu ni hatari.

Mnyororo ukikamilika unakatwa kutoka kwenye resini kwa TFA, saa tatu, kisha yale maji ya asidi yanamiminwa katika etha baridi na peptidi inajitenga kama unga mweupe. Etha yetu ilikuwa stoo. Haiwezi kukaa katika friji ya kawaida ya nyumbani, kwani cheche moja ya swichi inatosha kuulipua mvuke wake. Kaskazi ilikuwa imelala, mji umetulia kama chungu kilichofunikwa. Chumba kilikuwa digrii 33.

Etha huchemka kwa digrii 34.6.

Nilipolegeza kifuniko chupa ilifoka. Nilipojaribu kupima mililita 40 kwenye silinda niliona vipovu vikipanda kutoka chini, taratibu, kama chai inayokaribia kuiva, na hapakuwa na moto wowote. Mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni kutafuta pa kuwakia. Tulizima stima kwenye swichi kuu, tukafungua madirisha yote, tukatoka nje saa nzima. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Peptidi iliyosubiri ndani ya TFA ilipata etha kidogo na ya moto, ikajitenga nusunusu. Tuliokoa miligramu 19, na hesabu ya karatasi ilikuwa takriban 100.

Tiba ilikuwa mbili. Kwanza, etha ile tumeiacha kabisa, tukachukua MTBE, ndugu yake anayechemka kwa digrii 55. Lita 2.5 kwa shilingi 8,900. Pili, barafu. Naamka mapema kwenda soko la samaki la Mji wa Kale, nanunua ndoo ya barafu iliyopondwa kwa shilingi 200, natia chumvi ya mawe kiasi cha theluthi. Baridi yake inashuka chini ya sufuri kwa digrii kadhaa, na chupa ikikaa humo nusu saa iko tayari. Muuzaji aliniuliza, "Mama, na samaki je?" Nikamwambia barafu ni ya dawa. Siku hizi ananichagulia ile iliyosagika laini, na hakubali niongeze kitu.

12 Machi 2025

Zile miligramu 19 zilipanda treni ya Madaraka asubuhi kwenda Nairobi, kwa mashine ya kupima uzito wa molekuli. Shilingi 3,500 kwa sampuli moja. Tulitarajia 1009.5, yaani oksitosini ambayo sistini zake mbili bado hazijashikana. Tumeiona, lakini ndogo. Mlima mkubwa kwenye grafu umesimama 1122.5.

Tofauti ni 113. Hiyo ni leusini moja ya ziada au isoleusini moja ya ziada, na mashine haiwezi kusema ni ipi kwa sababu uzito wao ni mmoja. Tukarudi kwenye daftari. Leusini iliunganishwa kwa dakika 50. Isoleusini ilikaa usiku kucha. Kwa hiyo isoleusini imeingia mara mbili. Imeingiaje, nayo imevaa kofia?

Jibu alilitoa mwanafunzi bila kukusudia. Alifungua chupa mpya ya DMF, akageuza uso. "Mwalimu, mbona hii inanuka ng'onda?"

Nilikuwa nimefunga, na harufu ile ilinipanda hadi kichwani. Alikuwa amesema kweli kabisa. DMF ikikaa katika joto inavunjika pole pole na kutoa dimethilamini, yenye harufu ya samaki mkavu. Nayo ni besi, kinyume cha asidi, inavua kofia ya Fmoc. Usiku ule, isoleusini iliyokwisha kuungwa ilivuliwa kofia na kiyeyushi chenyewe, na nyingine iliyokuwa ikielea ikaja ikakaa juu yake. Siku 11 chini ya mabati zilifanya kazi yake, na stoo yetu ikamalizia. Katika mji ambao kila uchochoro una harufu ya samaki, pua zetu zilikuwa zimezoea.

9 Aprili 2025

Baada ya Idd tumerudi na mnyororo wa pili. Mabadiliko ni haya.

DMF sasa inanunuliwa chupa ya lita moja moja na inakaa gizani penye ubaridi. Kila asubuhi kabla ya kuitumia tunapitisha gesi ya argoni ndani yake kwa nusu saa. Dimethilamini ni gesi ikifika digrii 7, kwa hiyo ikipata njia inaondoka. Argoni haikutoka duka la kemikali. Ni ile ya mafundi wa kuchomelea alumini huko Changamwe, mtungi mdogo wa kukodi kwa shilingi 4,200, na ni safi ya kutosha kwa kazi hii. Fundi alitukopesha kidhibiti chake siku mbili bila malipo.

Hakuna kulaza kitu usiku. Isoleusini ikigoma tunaiunganisha mara mbili kwa dakika 45, kila mara na dawa mpya. Na hapa joto lilitufaa: kwa digrii 31 zinashikana upesi kuliko nilivyozoea Ujerumani, na mara ya pili punje zilikuwa za manjano kabla ya muda. Sistini peke yake ndiyo ya kuchunga. Katika joto na besi inaweza kugeuka umbo, ikawa kama taswira yake ya kwenye kioo, ndiyo maana tunatumia DIC na Oxyma bila kuongeza besi yoyote.

Kukata, barafu, MTBE. Unga ulishuka kama theluji. Miligramu 71. Nairobi wamejibu: 1009.5, mlima mmoja mkubwa na vichuguu vidogo.

29 Aprili 2025

Sasa kufunga pete. Sistini ya kwanza na ya sita zinatakiwa zishikane salfa kwa salfa, na uzito unapungua kwa 2, kutoka 1009.5 hadi 1007.4. Unayeyusha peptidi katika bikaboneti ya amonia yenye pH 8, unaiacha wazi, oksijeni ya hewani inafanya yaliyobaki. Nilitumia miligramu 40 katika mililita 40.

Masika imeanza, mvua ya siku tatu mfululizo. Sampuli ilikwenda, majibu yakaja kwa simu saa tano: 1007.4. Mwanafunzi alikimbia kununua mahamri na mbaazi. Nilimpigia shangazi.

21 Mei 2025

Ilinibidi nimpigie tena.

Tulipotaka kuisafisha kwenye kromatografia, inayotenganisha vitu kwa kasi yao ya kupita, haikutoka kama mlima mmoja. Ilitoka mitatu: mmoja mapema, miwili imekaribiana nyuma. Tukapeleka yote mitatu ikapimwe. Yote mitatu: 1007.4.

Siku nne sikuelewa. Kitu kimoja hakiwezi kutoka mara tatu. Nikaomba Nairobi wanipigie picha ya ule mlima wa 1007.4 kwa ukubwa wa juu kabisa, nione vilele vidogo vya isotopu, yaani vya molekuli zile zile zenye atomi nzito kidogo. Mlima wa mapema ulikuwa na vilele vinavyopishana kwa 1: 1007.4, 1008.4, 1009.4. Ile miwili ya nyuma vilele vyake vinapishana kwa nusu: 1007.4, 1007.9, 1008.4.

Mashine haipimi uzito mtupu. Inapima uzito ukigawanywa kwa chaji ya umeme. Molekuli mbili za oksitosini zikishikana zenyewe kwa zenyewe uzito unakuwa maradufu, zikibeba chaji mbili zinagawanywa kwa mbili, na namba inarudi palepale. Oksitosini pacha inajionyesha kama oksitosini moja, hadi sehemu ya kumi ya mwisho. Na iko miwili kwa sababu mapacha hao wanaweza kulala wakielekea upande mmoja au vichwa na miguu kupishana.

Kosa ni langu na nalifahamu lilipoanzia. Miligramu 1 kwa mililita 1 ni msongamano mkubwa mno. Sistini inakutana na ya jirani kabla haijakutana na ya kwao. Ujerumani nilikuwa nikitumia maji mara kumi zaidi, lakini hapa hatuna mashine ya kukausha kwa baridi, nikaogopa kubaki na nusu lita nisiyojua pa kuipeleka. Niliokoa maji nikapoteza miligramu 40. Anayefuata kazi hii: ukiona namba unayoitaka, angalia isotopu kabla ya kumpigia mtu simu.

18 Juni 2025

Zilibaki miligramu 31. Safari hii mililita 310 za bikaboneti katika chupa kubwa, na peptidi ikidondoshwa tone kwa tone kwa muda wa saa mbili, ili kila iliyoingia ipate nafasi ya kujifunga kabla ya jirani yake kufika.

Kujua imemalizika hatukungoja Nairobi. Tulitumia kitendanishi cha Ellman, kilichojulikana tangu 1959: pakiwa na salfa isiyofungwa kinageuka manjano. Saa ya kwanza manjano ya ndimu iliyoiva. Saa ya sita kama chai ya maziwa iliyozidi maziwa. Saa ya kumi na moja maji matupu. Ujerumani ingechukua siku nzima.

Tatizo la nusu lita likawa dogo kuliko nilivyoliogopa. Tukaongeza asidi ya siki hadi pH 4, tukapitisha maji yote kwenye kikatriji cha C18, shilingi 1,100. Peptidi inashikwa humo, chumvi inapita, kisha unaitoa kwa mililita 5 za asetonitrili na maji. Kwenye kromatografia: mlima mmoja. 1007.4, vilele vikipishana kwa 1. Baada ya kusafishwa tuna miligramu 9.

Gharama hadi leo ni shilingi 214,300. Karibu theluthi yake ni makosa niliyoyaeleza hapa.

9 Julai 2025

Tumeanza kupima joto lenyewe. Oksitosini hudumu zaidi maji yake yakiwa na uchachu kiasi, pH 4.5 hivi. Uchachu ukizidi, amidi zake zinavunjika. Ukipungua, daraja la salfa linafunguka na mapacha wale wale wanaanza kuzaliwa. Kikundi cha Groningen, Uholanzi, kilichapisha 2011 kwamba bafa ya sitrati (maji yanayoshikilia pH isiyumbe) pamoja na madini kama zinki inaipunguzia uharibifu, kwa hiyo nusu ya vichupa vyetu vina zinki na nusu havina.

Najua ipo pia kabetosini, binamu yake, ambayo salfa moja ya lile daraja imebadilishwa kwa kaboni, ikawezekana kutengenezwa dawa inayostahimili joto. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilichapisha majaribio yake kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya ikiwemo, na haikuwa nyuma ya oksitosini katika kuzuia kuvuja damu kwa mililita 500 au zaidi. Nafurahi kila nikiisoma. Lakini oksitosini bado iko kwenye makabati ya zahanati, na swali la shangazi linahusu oksitosini.

Vichupa vimegawanywa mahali pane: friji, tanuri ya digrii 40, kabati la mbao ukutani, na mtungi.

Mtungi ni wake. Alikuja nao leo kwenye tuktuk, ameukumbatia. Nilitaka kuufunga kitambaa akaninyang'anya, akakiloweka, akakikamua nusu, akakizungusha mara mbili shingoni na kuuacha mwisho wake uning'inie hadi kwenye sahani ya maji. "Hivi kinakunywa chenyewe," akasema. Kipimajoto cha kabatini saa nane kilisoma 28.6. Cha ndani ya mtungi 25.9. Mwezi huu kusi inavuma. Machi sijui mtungi utatusaidia kwa kiasi gani, maana hewa iliyojaa maji haikubali kunywa mengine, na ndiyo maana tutaendelea hadi Machi.

Tutafungua vichupa tarehe 9 za Agosti, Oktoba, Januari na Machi. Mwanafunzi amebandika ukutani zamu ya kutia maji kwenye sahani, asubuhi na alasiri. Shangazi amejiandikia Jumamosi.